Usikivu wa Redio na Soko la Matangazo ya Biashara Mkoani Songwe: Mambo ya Kufahamu Kabla ya Kununua Muda wa Hewani

Mfanyabiashara wa pembejeo mjini Tunduma anapoletewa ofa ya kutangaza bidhaa zake katika redio inayosikika nchi nzima, huuziwa kitu asichoweza kukishika kwa mkono wala kukipima kwa mizani. Anachonunua ni muda wa hewani, na thamani ya muda huo inategemea usikivu: mawimbi ya kituo hicho yanafika wapi hasa, na ni nani anayeyasikiliza. Katika Mkoa wa Songwe, wenye uwanda wa juu, mabonde na mipaka ya nchi mbili, majibu ya maswali hayo hutofautiana kutoka kata moja hadi nyingine.

Makala haya yanaeleza namna vituo vya redio vinavyopanua usikivu wake, namna upanuzi huo unavyogeuzwa kuwa biashara ya matangazo, na mambo ambayo mfanyabiashara, halmashauri, chama cha ushirika na mwananchi wa kawaida wanapaswa kuyafahamu kabla ya kulipia tangazo.

MKOA WENYE UWANDA, BONDE NA MIPAKA MIWILI

Mkoa wa Songwe ulianzishwa rasmi mwaka 2016 kwa kumegwa kutoka Mkoa wa Mbeya. Una wilaya nne, ambazo ni Ileje, Mbozi, Momba na Songwe, na halmashauri tano ikiwemo Halmashauri ya Mji wa Tunduma. Makao makuu ya mkoa yapo Vwawa, wilayani Mbozi. Sensa ya Watu na Makazi ya mwaka 2022 ilionesha kuwa mkoa una wakazi zaidi ya milioni 1.3, wakati katika sensa ya mwaka 2012 eneo hilo lilikuwa na wakazi pungufu kidogo ya milioni moja. Mji wa Tunduma peke yake ulivuka wakazi 200,000, kutoka chini ya 100,000 miaka kumi kabla.

Ukuaji huo una sababu zinazoonekana kwa macho. Tunduma ni lango la Tanzania kuelekea Zambia na nchi nyingine za Kusini mwa Afrika. Barabara kuu ya TANZAM na reli ya TAZARA hupita hapo, na bomba la mafuta la TAZAMA nalo huelekea Zambia kupitia ukanda huo. Oktoba 2019, Kituo cha Huduma kwa Pamoja Mpakani cha Tunduma na Nakonde kilizinduliwa na marais wa Tanzania na Zambia, ili msafiri na mwenye mzigo wakamilishe taratibu za nchi zote mbili mahali pamoja. Mbozi ina kahawa na mahindi; Wilaya ya Songwe ina wachimbaji wa dhahabu; mji wa Mlowo una wafanyabiashara wa mazao; na kandokando ya barabara kuu kuna madereva wa malori wanaosubiri zamu ya kuvuka.

Kwa muuzaji wa matangazo, hilo ni soko lenye mvuto. Hata hivyo, sura ya nchi huligawa. Vwawa na Tunduma zipo kwenye uwanda ulio zaidi ya mita 1,500 kutoka usawa wa bahari. Ukielekea kaskazini, ardhi huporomoka kuingia Bonde la Ziwa Rukwa, ambalo uso wa maji yake upo takriban mita 800. Huko ndiko ziliko Kamsamba, wilayani Momba, na maeneo ya chini ya Wilaya ya Songwe. Upande wa kusini, Ileje ina milima na mabonde yanayoteremka kuelekea Mto Songwe na mpaka wa Malawi. Kwa sababu hiyo, redio inayosikika vizuri katika stendi ya Tunduma yaweza kukoroma au kutosikika kabisa kwa mkulima wa bondeni aliye katika mkoa uleule.

KUTOKA REDIO MOJA HADI VITUO ZAIDI YA 200

Utangazaji wa redio nchini ulianza mwaka 1951 kwa kituo kidogo kilichojulikana kama Sauti ya Dar es Salaam. Mwaka 1956 lilianzishwa Shirika la Utangazaji la Tanganyika, na mwaka 1965 likawa Radio Tanzania Dar es Salaam, chini ya Serikali. Katika miaka hiyo, usikivu ulitegemea zaidi masafa ya kati na masafa mafupi, ambayo husafiri mbali, hasa nyakati za usiku, ingawa sauti yake huwa na mikwaruzo. Radio Tanzania ilikuwa na Idhaa ya Biashara, na aliyetaka kuwatangazia Watanzania bidhaa yake kwa redio alikuwa na mlango huo mmoja wa kubisha.

Sheria ya Huduma za Utangazaji ya mwaka 1993 ilifungua sekta kwa watu binafsi. Radio One ilianza mwaka 1994, ikafuatiwa na vituo vingine, vikiwemo Radio Free Africa ya Mwanza na Clouds FM ya Dar es Salaam. Vituo hivyo vilijenga usikivu hatua kwa hatua, mji baada ya mji, kwa kutumia masafa ya FM. Upande wa umma, Radio Tanzania ilipitia mabadiliko ya kitaasisi hadi kuwa Shirika la Utangazaji Tanzania (TBC), lenye jina hilo tangu mwaka 2007. Leo nchi ina vituo vya redio zaidi ya 200, kuanzia vya kitaifa hadi redio za jamii zinazohudumia wilaya moja au sehemu yake.

Ongezeko hilo limebadili nafasi ya mnunuzi wa matangazo. Zamani alikosa pa kuchagua. Sasa analetewa ofa nyingi, kila moja ikiwa na ramani yenye rangi inayoonesha maeneo ambayo kituo kinasema kinasikika.

MAANA TATU ZA USIKIVU

Neno usikivu hutumika kwa mambo matatu tofauti, na kutoyatenganisha ndiko kunakozaa migogoro kati ya kituo na mteja.

Jambo la kwanza ni eneo la leseni. Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) hutoa leseni za huduma za maudhui kwa ngazi, zikiwemo za taifa, mkoa, wilaya na jamii. Leseni humruhusu mtoa huduma kutangaza katika eneo lililotajwa. Haithibitishi kwamba mitambo yake tayari imefika kila kona ya eneo hilo.

Jambo la pili ni eneo la mawimbi, yaani mahali ambapo redio ya kawaida hupokea sauti safi. Mawimbi ya FM hayafuati mikunjo ya ardhi kama yafanyavyo masafa ya kati. Husafiri karibu na mstari ulionyooka, kama mwanga wa taa. Kwa makadirio ya kihandisi, antena iliyo mita 100 juu ya tambarare hufikia upeo wa kilomita 41 hivi. Ili upeo huo uongezeke mara mbili, kimo cha antena kinapaswa kuongezeka mara nne. Ndiyo maana mafundi hutafuta kilele cha mlima kabla ya kufikiria kuongeza nguvu ya mtambo. Mtambo wenye nguvu kubwa hauwezi kuondoa kivuli cha mlima: kijiji kilicho nyuma ya ukuta wa bonde kitaendelea kukosa sauti.

Jambo la tatu ni wasikilizaji wenyewe. Mawimbi yanaweza kufika kijijini, lakini wakazi wakawa wanasikiliza kituo kingine, au hawana redio wala simu yenye uwezo huo, au wapo shambani saa ambayo tangazo linarushwa. Idadi ya watu wanaoishi ndani ya eneo la mawimbi si idadi ya wasikilizaji. Sensa huhesabu wakazi. Wasikilizaji hujulikana kwa utafiti, kama ule unaofanywa kwa mahojiano ya ana kwa ana au kwa njia ya simu na kampuni za utafiti zikiwemo Ipsos na GeoPoll.

Muuzaji mwaminifu hutaja yote matatu kila moja kwa jina lake. Anayesema kituo chake kina wasikilizaji milioni 1.3 Songwe kwa sababu tu ndiyo idadi ya wakazi, anauza sensa wala si usikivu.

NAMNA MTANDAO WA REDIO UNAVYOJENGWA

Mtandao wa redio huwa na studio kuu moja, mara nyingi Dar es Salaam au katika jiji jingine, na vituo vya kurushia matangazo mikoani. Sauti husafirishwa kutoka studio hadi kwenye mnara wa mbali kwa setilaiti, kwa Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano au kwa intaneti, kisha hurushwa upya kwa masafa yaliyotolewa na TCRA kwa eneo hilo. Kwa kuwa masafa hutolewa kulingana na nafasi iliyopo, kituo kimoja huweza kuwa na namba tofauti mjini Mbeya, Tunduma na Sumbawanga. Dereva anayetoka mji mmoja kwenda mwingine hulazimika kutafuta namba mpya, na wapo wasiojua kuwa redio waipendayo inapatikana pia waendako.

Kila kituo cha kurushia kina gharama zake: mnara au kodi ya mnara wa wengine, mtambo, umeme pamoja na jenereta au sola ya akiba, kiungo cha kusafirishia sauti, ada za leseni na masafa, na fundi wa kufika haraka panapotokea hitilafu. Gharama hizo hurudishwa kwa matangazo ya biashara. Matokeo yake ni kwamba vituo vya kibiashara hufunga mitambo kwanza penye watu wengi na fedha inayozunguka. Tunduma na Vwawa hufikiwa mapema, ilhali vijiji vya bondeni na vya mpakani husubiri.

Pengo hilo ndilo linaloeleza nafasi ya fedha za umma. Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote (UCSAF), ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 2006, una jukumu la kuwezesha huduma za mawasiliano katika maeneo yasiyo na mvuto wa kibiashara. Kupitia ushirikiano na Mfuko huo, TBC imeboresha usikivu wa redio katika wilaya za mipakani zikiwemo Rombo, Longido, Tarime, Kibondo na Nyasa. Hoja ya Serikali katika maeneo hayo ni kwamba mwananchi wa mpakani apate habari za nchi yake kwa sauti iliyo safi kama ile anayoipata kutoka upande wa pili.

MUDA WA HEWANI UNAVYOUZWA

Bidhaa zinazouzwa na redio ni za aina chache. Lipo tangazo lililorekodiwa la sekunde 15, 30 au 60. Upo udhamini wa kipindi, ambapo jina la mdhamini hutajwa mwanzoni, katikati na mwishoni. Kuna kutajwa na mtangazaji wakati kipindi kinaendelea, na kuna matangazo ya moja kwa moja kutoka dukani, sokoni au kwenye maonesho. Bei hutegemea urefu, saa na idadi ya marudio. Saa za asubuhi na jioni kwa kawaida huwa ghali zaidi.

Mtandao huuza muda huo kwa njia mbili. Njia ya kwanza ni tangazo la mtandao mzima, ambalo husikika kwa wakati mmoja kila mahali kituo kinapofika. Njia ya pili ni tangazo la eneo, ambapo kituo cha kurushia cha mkoa hujitenga kwa dakika chache na studio kuu, kurusha matangazo ya wateja wa hapo, kisha kurudi kwenye mtandao. Njia ya pili huhitaji kompyuta, mfumo wa ishara kutoka studio kuu na mtu wa kuusimamia, hivyo si kila kituo cha kurushia kina uwezo huo. Mnunuzi wa Tunduma anapaswa kuuliza jambo hili mapema, kwa sababu lina athari kubwa kwa mfuko wake.

Mfano wa hesabu ufuatao, wenye takwimu za kubuni kwa ajili ya ufafanuzi tu, unaonesha sababu. Tuseme tangazo la mtandao mzima linauzwa kwa shilingi 200,000 na lina wasikilizaji 500,000 nchini kote. Gharama ya kuwafikia wasikilizaji 1,000 ni shilingi 400. Tuseme pia kuwa redio ya wilaya inauza tangazo la urefu huohuo kwa shilingi 20,000 na ina wasikilizaji 8,000. Gharama ya kila wasikilizaji 1,000 ni shilingi 2,500. Kwa kampuni ya simu yenye wateja kila mkoa, mtandao ni nafuu zaidi ya mara sita.

Sasa hesabu hiyohiyo ifanywe kwa mwenye duka la mbolea la Mlowo. Katika wasikilizaji 500,000 wa mtandao, wanaoweza kufika dukani kwake ni 5,000 tu. Kila wasikilizaji 1,000 wenye manufaa kwake watamgharimu shilingi 40,000. Katika redio ya wilaya, tuseme wanaoweza kufika dukani ni 5,000 vilevile. Kila 1,000 watamgharimu shilingi 4,000. Kwake yeye, mtandao ni ghali mara kumi. Usikivu mpana una thamani kwa aliye na mteja kila mahali. Kwa mwenye duka moja, sehemu kubwa ya usikivu huo ni fedha iliyolipwa kwa masikio ya watu wasioweza kununua.

Hivyo, tangazo la eneo likipatikana kwa bei ya eneo, mtandao mkubwa huweza kumfaa hata mfanyabiashara mdogo. Lisipopatikana, ni busara kupima kwanza redio iliyo jirani.

NAFASI YA REDIO NDOGO

Upanuzi wa mitandao mikubwa huwapa wananchi uchaguzi mpana wa vipindi. Wakati huohuo huweka shinikizo kwa redio za wilaya na za jamii. Kampuni kubwa ikishanunua tangazo la mtandao mzima, wakala wake huweza kuhesabu kuwa Songwe tayari imefikiwa, na redio ya hapo ikakosa sehemu yake. Ilhali redio hiyo ndiyo inayotangaza mkutano wa kijiji, mtoto aliyepotea, siku ya mnada, ratiba ya chanjo na daraja lililokatika.

Njia mojawapo inayotumiwa na redio hizo ni kuungana. Mtandao wa Redio Jamii Tanzania (TADIO) huziunganisha redio za jamii za mikoa mbalimbali. Umoja wa aina hiyo huzipa redio ndogo uwezo wa kuzungumza na mtangazaji mkubwa kwa sauti moja: tangazo moja, vituo vingi na makubaliano mamoja. Ili mauzo ya pamoja yafanikiwe, kila kituo hakina budi kurusha tangazo saa iliyoahidiwa, kutunza kumbukumbu za urushaji zinazofanana na za wenzake, na kutoa ankara kwa wakati. Kituo kimoja kikizembea, mteja hukosa imani na vyote.

Hali ya kiuchumi ya vyombo vya habari imepewa uzito na Serikali. Mwaka 2023 iliundwa kamati ya kutathmini hali hiyo chini ya uenyekiti wa mwanahabari mkongwe Tido Mhando. Miongoni mwa masuala ambayo wadau wa habari wamekuwa wakiyajadili ni mapato ya matangazo na madeni ambayo vyombo vya habari huwadai wateja wake, zikiwemo taasisi za umma. Kwa redio ya wilaya yenye wateja wachache, ankara moja iliyochelewa inaweza kuwa mshahara wa mwezi wa watumishi wake.

MAWIMBI YASIYOJUA MPAKA

Tunduma na Nakonde zimetenganishwa na mstari wa mpaka unaovukwa kwa miguu kila siku. Mawimbi nayo huvuka. Wakazi wa Tunduma hupata vituo vya Zambia, wa Ileje hupata vya Malawi, na redio za Tanzania husikika upande wa pili. Ili vituo visigongane, ugawaji wa masafa ya FM hufuata mpango uliokubaliwa mjini Geneva mwaka 1984 chini ya Shirika la Mawasiliano Duniani (ITU), pamoja na mashauriano kati ya mamlaka za nchi jirani. Kwa upande wa Zambia, masafa yapo chini ya ZICTA na utangazaji chini ya Mamlaka Huru ya Utangazaji (IBA). Malawi mamlaka husika ni MACRA.

Kwa mnunuzi wa tangazo, mpaka huleta mambo matatu. La kwanza ni saa. Zambia na Malawi zipo nyuma ya Tanzania kwa saa moja. Tangazo linalorushwa saa 1:00 asubuhi Tunduma humfikia msikilizaji wa Nakonde saa yake ikiwa 12:00. La pili ni fedha: bei inayotajwa kwa shilingi humhitaji msikilizaji wa ng'ambo aigeuze kuwa kwacha kichwani. La tatu, lenye uzito zaidi, ni uhalali wa bidhaa. Mbegu, dawa au kiuatilifu kinachotangazwa katika redio ya nchi jirani kinaweza kuwa hakijasajiliwa nchini. Kusikika kwa tangazo wilayani Momba si kibali cha bidhaa hiyo kuuzwa Momba. Mkulima anapaswa kuhakiki kwa ofisa ugani au kwa taasisi husika kabla ya kutoa fedha yake.

SHERIA NA WAJIBU WA KILA UPANDE

Utangazaji wa redio husimamiwa na TCRA kwa mujibu wa Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010 na kanuni za maudhui ya utangazaji wa redio na televisheni zilizotungwa chini yake. Msingi mmojawapo wa usimamizi huo ni kwamba tangazo la biashara litambulike kuwa ni tangazo, lisichanganywe na taarifa ya habari, na lisiwapotoshe wala kuwadhuru watoto.

Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza mwenendo wa kibiashara unaopotosha, na Tume ya Ushindani (FCC) ndiyo msimamizi wake. Katazo hilo humgusa anayetangaza bidhaa. Humgusa pia anayeuza muda wa hewani kwa kutaja usikivu asiokuwa nao.

Baadhi ya bidhaa zina masharti ya ziada. Dawa na vifaa tiba vipo chini ya Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA). Tiba asili husimamiwa na Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala. Mbegu zinadhibitiwa na Taasisi ya Kudhibiti Ubora wa Mbegu (TOSCI), mbolea na Mamlaka ya Udhibiti wa Mbolea (TFRA), na michezo ya bahati nasibu na Bodi ya Michezo ya Kubahatisha. Mwenye bidhaa hizo anashauriwa kuthibitisha masharti kwa taasisi husika kabla ya kurekodi tangazo.

Taasisi za umma, zikiwemo halmashauri, hununua huduma kwa kufuata Sheria ya Ununuzi wa Umma ya mwaka 2023 na mfumo wa kielektroniki wa NeST. Aidha, marekebisho ya Sheria ya Huduma za Habari yaliyofanyika mwaka 2023 yaliondoa jukumu la Idara ya Habari-MAELEZO la kuratibu matangazo ya Serikali. Uamuzi wa wapi pa kutangaza hubaki kwa taasisi yenyewe, na hivyo taasisi hiyo ndiyo yenye wajibu wa kujua iwapo chombo ilichokichagua kinawafikia wananchi wake.

MASWALI YA KUULIZA KABLA YA KULIPA

1. Kituo kina leseni ya ngazi gani, na eneo lake linajumuisha wilaya zipi?

2. Kituo cha kurushia matangazo kipo wapi, kinatumia masafa gani, na kinasikika vijiji gani kwa sauti safi? Mnunuzi anaweza kupima mwenyewe kwa kupanda gari au pikipiki na redio ndogo, akiandika jina la kila kijiji alichopita na ubora wa sauti.

3. Idadi ya wasikilizaji inayotajwa imetokana na utafiti wa nani, wa mwaka gani, na je, ulifika Songwe?

4. Tangazo ni la mtandao mzima au la eneo? Bei ya eneo ni ipi?

5. Litarushwa mara ngapi, siku gani na saa ngapi? Ratiba iandikwe ndani ya mkataba.

6. Umeme ukikatika au mtambo ukiharibika, marudio yatafanyika lini?

7. Kumbukumbu za urushaji zitatolewa lini baada ya kazi? Zioneshe tarehe na saa ya kila tangazo.

8. Bei imejumuisha kodi na gharama za kurekodi? Risiti halali ya kielektroniki itatolewa?

Njia rahisi ya kupima matokeo ni kumuuliza kila mteja mpya amesikia wapi habari za duka, au kutumia namba ya simu inayotajwa katika tangazo hilo pekee. Baada ya wiki mbili, daftari la dukani litakuwa na majibu ambayo ramani ya muuzaji haina.

PALE HUDUMA INAPOKUWA KINYUME NA MAKUBALIANO

Hatua ya kwanza ni kuwasilisha malalamiko kwa maandishi kwa uongozi wa kituo, yakiambatana na mkataba, risiti na kumbukumbu za siku na saa ambazo tangazo halikusikika. Suala likihusu leseni, masafa, muingiliano wa mawimbi au maudhui, mwananchi anaweza kulifikisha TCRA, ambayo ina ofisi ya Kanda ya Nyanda za Juu Kusini jijini Mbeya. Suala la udanganyifu wa kibiashara hupelekwa FCC. Mgogoro wa malipo unaotokana na mkataba huamuliwa kwa taratibu za kisheria kama ilivyo kwa mikataba mingine, na ndiyo maana makubaliano ya mdomo hayatoshi hata kama kiasi cha fedha ni kidogo.

TANGAZO LA BIASHARA NA TAARIFA YA UMMA

Mei 2020, wakati wa janga la UVIKO-19, Zambia ilifunga kwa muda mpaka wa Nakonde, na malori yakakwama pande zote. Mwishoni mwa mwaka 2023 na mwanzoni mwa 2024, Zambia ilikabiliwa na mlipuko mkubwa wa kipindupindu. Katika nyakati kama hizo, dereva aliye foleni, mama lishe wa stendi na mkulima wa kijiji cha mpakani huhitaji taarifa sahihi ndani ya saa chache. Ndivyo ilivyo pia Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula (NFRA) unapotangaza ununuzi wa mahindi, au wakulima wanapohimizwa kujisajili ili wapate mbolea ya ruzuku, utaratibu ulioanza msimu wa 2022/2023.

Taarifa hizo hupita katika minara ileile, masafa yaleyale na studio zilezile zinazolipiwa na matangazo ya biashara. Mfanyabiashara wa Tunduma anapodai kuonesha kwa ushahidi mahali redio inaposikika, analinda fedha yake, na anaisaidia halmashauri yake kujua ni kijiji kipi cha Momba, Ileje au Songwe ambacho bado hakijafikiwa. Viongozi wa vijiji na kata ambazo redio hazisikiki vizuri wanaweza kuwasilisha taarifa hizo kupitia halmashauri zao, wakitaja jina la kijiji, vituo vinavyopatikana na hali ya sauti, ili mahitaji ya maeneo hayo yafahamike wakati wa kupanga upanuzi unaofuata.